Kwa nini YouTube haigandi, lakini simu ya kompyuta inakatika?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ngamiani, Tanga. Kwa miaka mingi nilikuwa nikizungumza na wanangu kwa Skype kwenye kompyuta mpakato, kwa kuwa macho yangu hayaiwezi tena skrini ndogo ya simu. Skype ilipofungwa, kijana wangu aliyeko Uingereza alinielekeza nikaweka programu nyingine mbili, WhatsApp na Zoom. Kila Ijumaa saa mbili usiku tunapokutana mimi, yeye na dada yake aliyeko Dubai, picha inaganda, sauti inakuwa kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, na mara nyingine nayasikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia. Jirani ananiambia ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Mbona YouTube inacheza vizuri kwa kompyuta ileile na intaneti ileile? Na ni programu ipi hasa nitumie?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nitaanza na lile swali la YouTube uliloliuliza kana kwamba ni la kupita tu, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuepusha kutoa fedha kwa kifurushi ambacho huenda hukihitaji, na ukishalielewa utaona kwamba uchaguzi wa programu ni jambo dogo kuliko unavyodhani.

Mkazi wa Ngamiani hahitaji kuelezwa kazi ya simtanki. Maji ya bomba yakitoka kwa mafungu, saa hii yanabubujika na saa ijayo ni hewa tupu, mwenye tangi lililojaa hana habari. Anafungua bomba la jikoni na maji yanatiririka sawasawa mpaka jioni. YouTube inafanya kazi namna hiyo. Video imekwisha kurekodiwa na imekaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za YouTube, kwa hiyo kivinjari chako, ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kinaichota mapema kuliko unavyoitazama. Hebu uangalie kwa makini mstari ulio chini ya video yoyote: sehemu nyekundu inaonyesha ulipofika, na mbele yake kuna kipande kilichopauka ambacho kinarefuka chenyewe. Kipande hicho ndicho maji yaliyomo tangini. Intaneti yako ikikatika kwa sekunde tano, kinapungua kidogo, picha inaendelea, nawe hutambui kwamba kulikuwa na kasoro yoyote.

Simu haina tangi, wala haiwezi kuwa nalo, kwa sababu neno ambalo binti yako atalisema baadaye bado hajalisema. Programu ingelichota wapi mapema? Inachoweza kufanya ni kuichukua sauti yake inapotoka mdomoni na kuikata vipande vidogo sana, kwa kawaida vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani vipande 50 kwa sekunde, kisha kukifunga kila kipande ndani ya pakiti yake, kuipa namba, na kuituma peke yake. Ile "shikamoo baba" anayokuamkia nayo, ikiwa inamchukua sekunde moja kuitamka, inatoka Dubai ikiwa pakiti zipatazo 50, na kompyuta yako ya Ngamiani ina kazi ya kuzipanga kwa namba na kuzigeuza kuwa sauti bila kuacha pengo. Pakiti ikipotea njiani, kwa kawaida hakuna nafasi ya kuisubiri itumwe tena kama YouTube inavyoweza kufanya, kwa sababu hata ikitumwa itafika baada ya neno lake kupita. Pakiti iliyochelewa na pakiti iliyopotea, katika simu, ni kitu kimoja.

Programu hujiwekea akiba ndogo, lakini hiyo ni kikombe, si tangi: sauti ya makumi machache ya milisekunde, ili pakiti zinazofika kwa kusuasua ziweze kupangwa. Ungeweza kuuliza kwa nini wasikifanye kikombe hicho kikawa ndoo. Sababu ni kwamba kila unachoongeza humo kinaongeza kuchelewa kwa mazungumzo, na mazungumzo hayavumilii kuchelewa. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, linashauri kwamba sauti ichukue si zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine, na kwamba ikivuka 400 hali hiyo haifai kwa matumizi ya kawaida. Hapo ndipo watu wanapoanza kuingiliana: unanyamaza ukimngojea ajibu, unadhani hakusikia, unarudia swali, na wakati uleule jibu lake la kwanza linakufikia.

Sasa ile sauti ya mtungi. Kipande kimoja kikikosekana, programu haiachi pengo la kimya, kwa sababu masikio yetu huliona pengo kama mkwaruzo. Inatazama vipande vilivyotangulia na kubuni kinachofanana navyo. Kikikosekana kimoja au viwili hutagundua. Vikikosekana vitano au sita mfululizo, ubunifu unageuka kuwa mvumo ule wa bati unaousikia, sauti ya mwanao ikivutwa na kurefushwa bila kuwa na neno ndani yake. Kwa hiyo unaposikia mtungi, usiilaumu spika wala usiilaumu programu. Hiyo ni dalili kwamba pakiti hazifiki kwa wakati, na programu inajitahidi kukufichia.

Niseme kidogo kuhusu Skype, kwa sababu najua wengi wa rika lako wanaamini kwamba waliondolewa kitu kizuri wakapewa kibovu. Skype ilitoka Agosti 2003, ikiwa imeanzishwa na Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na kuandikwa na vijana wa Estonia. Ilipata sifa kwa sababu kompyuta mbili ziliweza kuzungumza moja kwa moja bila kupitia seva ya katikati, jambo lililoifanya iwe rahisi kuiendesha na bure kuitumia. Microsoft iliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, na tarehe 5 Mei 2025 ikaifunga, ikiwaelekeza watumiaji kwenye programu yake nyingine iitwayo Teams na kuwapa hadi Januari 2026 kupakua mazungumzo yao ya zamani. Hata hivyo, sauti ya Skype haikuzikwa yote. Wahandisi wake walikuwa wametengeneza njia ya kuibana sauti iitwayo SILK, na mwaka 2012 SILK iliunganishwa na njia nyingine iitwayo CELT, ikazaliwa Opus, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila malipo. Opus ndiyo inayobeba sauti ya simu ndani ya vivinjari vyote vikuu vya leo, na Google Meet, programu ya Google ya simu za video, inaitumia. Ukitumia Meet leo, mwalimu, sehemu ya ile Skype yako bado inafanya kazi humo.

Basi kama programu mpya si mbovu, tatizo liko wapi? Wengi hufikiria umbali, na umbali hauna hatia kubwa. Mwanga ndani ya kebo ya nyuzi husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata njia ya kutoka hapa hadi Uingereza ikizunguka baharini kilomita 12,000, mwanga huimaliza kwa milisekunde 60. Umbali ulikuwa na hatia zamani, kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, kwa sababu intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, safari inayokula robo ya sekunde kwa upande mmoja hata kabla ya mengineyo. Waliokuwa wakienda kwenye vibanda vya intaneti miaka hiyo watakumbuka tulivyokuwa tukizungumza kama watu wa redio ya polisi, mmoja anamaliza kabisa ndipo mwingine anaanza. Siku hizi kasoro nyingi ninazoitwa kuzitazama hapa Tanga ziko ndani ya nyumba yenyewe, au baina ya nyumba na mnara wa kwanza.

Unaweza kujua ziko wapi bila kumlipa mtu. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter, na litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig, bonyeza Enter, na utafute mstari ulioandikwa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo, ndiyo anwani ya ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Sasa andika ping, acha nafasi, andika namba hiyo, acha nafasi, kisha malizia na -t. Kompyuta itaanza kuigongea hodi ruta mara moja kila sekunde, na kila inapoitikiwa itaandika mstari wenye neno time na namba ya milisekunde. Ukichoka kutazama, bonyeza Ctrl na C. Rudia zoezi hilo kwa kuandika 8.8.8.8 mahali pa anwani ya ruta. Hapo hodi inapigwa nje, kwenye seva za Google.

Usiangalie namba moja moja, angalia mwendo wake. Ukiona 48, 51, 47, 50, 49, hiyo ni intaneti inayofaa kwa simu, hata kama kasi yake ni ndogo. Ukiona 48, 52, 390, 61, 1120, kisha mstari unaosema Request timed out, kisha 47 tena, basi umeuona mtungi wako kwa macho. Wastani wake unaweza kuonekana si mbaya sana, na YouTube itaendelea kucheza kwa sababu ya tangi, lakini simu imekwisha kufa. Jambo hili ndilo ambalo wauzaji wa vifurushi hawalisemi: kwao intaneti hupimwa kwa kasi, ilhali kwa anayepiga simu inapaswa kupimwa kwa utulivu.

Ikiwa namba zinarukaruka hata unapoigongea hodi ruta yako mwenyewe, ambayo ingepaswa kuitikia kwa milisekunde moja hadi tano au zaidi kidogo, kosa liko baina ya kompyuta na ruta, na hakuna kifurushi duniani kitakachoondoa kosa hilo. Nyumba zetu za Ngamiani zinajulikana: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Ruta huwekwa sebuleni karibu na televisheni, au hata nyuma yake, na mzee anakaa na kompyuta chumba cha mwisho ili apate utulivu, akiwa ametenganishwa na ruta kwa kuta tatu nene na friji moja. Sogea ukae chumba kimoja na ruta siku ya Ijumaa, au bora zaidi, nunua kebo ya mtandao ya mita 15 na uiunganishe kompyuta na ruta moja kwa moja. Kebo haina mambo. Nimeona simu nyingi zikipona kwa kebo kuliko kwa ushauri wangu mwingine wote, na ningependa watu waiamini kuliko wanavyoamini ruta mpya zenye antena sita.

Ikiwa ruta inaitika vizuri lakini 8.8.8.8 inarukaruka, kuna mambo mawili ya kushuku. La kwanza ni saa yenyewe. Kama unatumia intaneti ya mtandao wa simu, saa mbili usiku ni wakati ambao mtaa mzima umeshakula na uko mtandaoni kwenye mnara mmoja na wewe. Jaribu kupiga saa kumi jioni siku moja, na ukiona tofauti kubwa utakuwa umepata jibu bila kutumia shilingi. La pili ni jambo lililonipata mimi mwenyewe, na sioni aibu kulisimulia, ingawa kazi yangu ni hii.

Nyumbani kwangu Sahare simu zangu zilikuwa zikiharibika kila jioni. Kampuni iliyokuwa ikinipa intaneti ilinishauri nipande kifurushi, nikapanda, nikalipa karibu mara mbili, na hali ikabaki vilevile. Nilikaa miezi miwili hivyo. Siku moja nilikuwa nimeliacha lile dirisha jeusi la ping likiendelea, namba ziko 45, 46, 45, mara mpwa wangu akaingia kutoka mpirani, akachomeka simu yake kwenye chaji ukutani, na katika muda usiofika dakika moja namba zikapanda mpaka 1,400. Nilimwomba azime Wi-Fi ya simu yake; zikarudi 45. Awashe tena, 1,300. Simu yake ilikuwa imewekwa kupandisha picha na video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapopata Wi-Fi na chaji, na siku hiyo alikuwa amerekodi nusu ya mechi ya mtaani kule Mkwakwani.

Sababu ni kwamba intaneti nyingi za nyumbani zina njia pana ya kushusha na njia nyembamba ya kupandisha. YouTube hutumia ya kushusha karibu peke yake, ndiyo maana haikuhisi lolote. Simu hutumia zote mbili, kwa kuwa sauti na sura yako lazima zipande. Ruta inapopewa video kubwa ya kupandisha, inaipanga foleni, na pakiti ndogo za sauti yako zinajikuta nyuma ya malori. Hazipotei, zinachelewa, lakini nimekwisha kukueleza kwamba katika simu hakuna tofauti. Kwa hiyo Ijumaa waombe vijana na wajukuu walio hapo nyumbani wasitishe upandishaji wa picha mpaka utakapomaliza, au wauhamishie usiku wa manane. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kutanguliza pakiti za simu. Ukiwa na ya namna hiyo, mwombe fundi akuwashie.

Kuhusu ushauri wa jirani, hesabu inatosha. Simu ya sauti pekee kwenye Zoom inahitaji kilobiti zipatazo 60 hadi 80 kwa sekunde kila upande. Ukichukua 80 kwenda na 80 kurudi unapata takribani MB 72 kwa saa. Kwa picha nzuri ya watu wawili Zoom inashauri kilobiti 600 kila upande, yaani takribani MB 540 kwa saa, na mkiwa watatu na picha zote zimewashwa utazidi hapo. YouTube kwa ubora wa 720p inataka megabiti 2.5 kwa sekunde, mara nne ya kile ambacho simu ya watu wawili inakihitaji kwa upande wa kushusha. Kama YouTube inacheza vizuri kwa ubora huo, kasi ya kushusha unayo tayari. Kifurushi kikubwa kitakusaidia tu ikiwa GB zako zinaisha kabla ya mwezi kwisha, au ikiwa kina njia pana zaidi ya kupandisha, na hilo la pili umuulize muuzaji waziwazi kabla ya kulipa. Wengi wao watakutajia kasi ya kushusha na kunyamaza.

Kurudiwa na maneno yako ni ugonjwa mwingine kabisa, na dawa yake huwa inawashangaza watu. Ukiisikia sauti yako mwenyewe ikirudi, mwenye kosa ni mtu wa upande wa pili. Sauti yako inatoka kwenye spika za mwanao kule Uingereza, inaingia kwenye kinasa sauti cha kompyuta yake, na anakurudishia bila kujua, huku yeye mwenyewe akisikia kila kitu safi. Programu zote za leo hujaribu kuifuta mirudio hiyo kwa kulinganisha kinachotoka kwenye spika na kinachoingia kwenye kinasa sauti, lakini hushindwa spika zikiwa na sauti kubwa mno, au chumba kikiwa kitupu chenye kuta ngumu. Mwambie avae hedifoni, na mirudio itakoma papo hapo. Ili kumjua mwenye kosa mkiwa watatu, kila mmoja azime kinasa sauti chake kwa zamu wakati wewe unahesabu moja hadi kumi. Mirudio ikikoma, aliyekizima wakati huo ndiye. Nawe vaa zako, maana inawezekana wao pia wanajisikia kupitia kwako na wanaona haya kumwambia mzee. Ukinunua, chukua zenye waya na plagi ya USB kama unaweza, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani yetu inazila zile tundu ndogo za mviringo zilizoko ubavuni mwa kompyuta mpakato, na nimekwisha kuzisafisha kutu nyingi. Na usikae chini ya pangaboi lililowashwa. Kwako ni upepo, kwa kinasa sauti ni dhoruba.

Sasa programu. Binti yako yuko Dubai, na hilo linaondoa baadhi ya chaguo kabla hata hatujazungumzia ladha. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kupiga simu kwa intaneti kunaruhusiwa kwa programu zilizokubaliwa na mamlaka ya huko tu, na kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa ilhali ujumbe wake wa maandishi unapita. Ikiwa mlikuwa mkimwongeza kwa WhatsApp na yeye anaunganika kisha anakatika, huenda mmekuwa mkiilaumu intaneti ya Tanga kwa jambo la sheria ya kule. Teams, Zoom na Google Meet zimekuwa miongoni mwa zinazokubaliwa, lakini orodha hubadilika, kwa hiyo mwulize yeye anayeishi huko. Asishawishike kupita kwa VPN, yaani programu inayoficha njia ya intaneti ya mtu, ili apige simu iliyozuiwa; sheria yao ya makosa ya mtandao inamwadhibu anayeitumia kufanya lililokatazwa, na faini huanzia dirham 500,000. Hakuna mazungumzo ya Ijumaa yenye thamani hiyo.

Kwa familia yako ningechagua Google Meet, nikiifungua ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu chochote. Ni vizuri kila mmoja awe na akaunti ya Google, ambayo mwenye simu ya Android kwa kawaida anayo tayari. Kijana wako atengeneze mkutano mmoja, awatumie kiungo, nawe ukihifadhi kiungo hicho kwenye kivinjari ili kila Ijumaa uwe unabofya mahali palepale. Mkiwa watu watatu au zaidi, Meet ya bure hukata baada ya dakika 60, na Teams ya bure vilevile. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40, jambo ambalo kwa mzee anayeanza kusimulia ni fupi mno. Ikikata, mnabofya tena na kuendelea. Teams si mbaya, na kama uliingia humo kwa akaunti yako ya Skype wakati wa kipindi cha kuhama, huenda majina ya watu wako yako humo, lakini imetengenezwa kwa ajili ya ofisi na vitufe vyake ni vingi mno kwa macho yanayochoka.

WhatsApp ya kompyuta usiifute. Kwa mazungumzo yako na kijana wa Uingereza peke yake inafaa sana, na simu zake zimefungwa kwa usimbaji ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kusikiliza ndani yake. Kumbuka tu kwamba imeunganishwa na simu yako ya mkononi, na simu hiyo isipotumika kwa zaidi ya siku 14 kompyuta itaondolewa. Mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhudumu, akikuomba umsomee namba za siri za kuunganisha kifaa, kata simu.

Vivyo hivyo, tovuti yoyote inayokuahidi kukurudishia Skype baada ya Mei 2025 iepuke, kwa kuwa huduma yenyewe haipo na inachokupa tovuti hiyo ni kitu kingine chenye nembo ileile ya buluu.

Kompyuta yako hukunitajia umri wake. Kama ina Windows 7, kivinjari cha Chrome kiliacha kuihudumia tangu mwanzoni mwa 2023, na hapo Meet itakusumbua. Kama ina Windows 10, Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa simu zitaendelea kufanya kazi. Funga vichupo vingine vyote kabla ya kupiga, na ukisikia feni ya ndani inavuma kama cherehani, mwombe mwanao apunguze ubora wa picha kwenye mpangilio wa Meet, au zima picha yako dakika chache na ubakize ya kwao.

Ijumaa hii, kabla ya saa mbili, fungua lile dirisha jeusi na uandike kwenye karatasi namba kumi za ruta, kisha kumi za 8.8.8.8, halafu waombe wote walio nyumbani wazime Wi-Fi ya simu zao na uandike kumi nyingine za 8.8.8.8. Nitumie hizo thelathini, pamoja na aina ya Windows na maelezo ya chumba unachokaa na kile ilichomo ruta, na nitakwambia kama ununue kebo, uhamishe saa, au umfuate mwenye mnara.